Itifaki ya Mtaa wa Machicha

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Kama ipo, basi si hii yetu. Na kama ni hii yetu, basi mimi sikusema kitu, mmesema nyie. Mimi ni mshereheshaji wa serikali, daraja la pili, mtu wa kutumwa tu. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti kwenye hafla na kuwatambua waheshimiwa mmoja mmoja kabla hawajaanza kusinzia.

Katika nchi hiyo kuna amani tele, jamani, na amani yote inatokana na itifaki. Hakuna mtu anayeruhusiwa kusema lake kwenye kipaza sauti kabla ya kuwatambua waheshimiwa, waliopo na wasiokuwepo, kwa vyeo vyao vyote. Muuza dagaa mwenye spika yake ya betri huanza na Mtukufu Mwenyekiti wa Viti Vyote, ambaye ndiye kiongozi wa nchi, kisha hushuka kwa mawaziri, akapitia wakuu wa idara, na akifika kwenye dagaa wenyewe wateja wameshakula maharage. Kuna bwana harusi mmoja alitambua waheshimiwa mpaka bibi harusi akarudi kwao kupumzika. Waliokwenda kumfuata walimkuta ameshaolewa na mtu asiyependa kuhutubia.

Nasikia nchi nyingine watu husema tu "itifaki imezingatiwa" halafu wakaendelea na mambo yao. Ustaarabu gani huo? Kwetu, nasema kwao, maneno hayo ni kosa la jinai. Itifaki inaanza kwa jina la Mtukufu, na haiishi mpaka yule aliyeianzisha atamke "itifaki imekamilika", au aanze lile jambo lake lililomleta.

Sasa, mimi nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Bi Kidawa, mpika chapati wa Mtaa wa Machicha. Bi Kidawa alikuwa na mjukuu aliyemlea tangu ananyonya, binti anaitwa Siwatu. Siwatu akakua, akawa na akili, akawa na adabu, halafu ghafla akawa msanii wa hip hop. Bibi yake alilipokea jambo hilo kwa ushujaa.

Alikuwa msanii wa kujitegemea. Hakuwa na bosi, hakuwa na kampuni nyuma yake. Alijirekodi mwenyewe chumbani, godoro amelisimamisha dirishani ili majogoo wa jirani wasiingie kwenye wimbo. Nilikuwa namsikia ukutani akichana mistari yake, na haki ya Mungu, yule mtoto alikuwa na kipaji. Alikuwa akisema mambo ya kweli kwa mpangilio mzuri, jambo ambalo katika fani yangu ya kusherehesha halijawahi kutokea.

Habari hazikai. Siku moja akaitwa na Bwana Fungameza, Mkurugenzi wa Idara ya Kusimamia Wasanii Wanaojitegemea. Mimi nilimsindikiza, kwa kuwa najua mlango upi unabishwa na mlango upi unapigiwa magoti.

"Nimeambiwa unajitegemea," akasema Bwana Fungameza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa idhini ya nani?"

Siwatu akanitazama. "Kwa... yangu mwenyewe, Mheshimiwa."

Bwana Fungameza alicheka mpaka tai ikahamia begani. "Binti yangu, mtu hajitegemei hivihivi tu kama mbuzi aliyekata kamba! Kujitegemea ni heshima kubwa, na heshima inatolewa na serikali. Kuanzia leo utajitegemea chini yetu. Tukikuita kwenye hafla unakuja, tukikwambia shuka unashuka. Yaliyobaki yote ni uhuru wako, fanya upendavyo."

"Na yaliyobaki ni yapi?" akauliza Siwatu.

"Hayo tutakutafutia," akajibu Mkurugenzi, na akampa mkono wa pongezi.

Hivyo ndivyo kazi yake ya sanaa ilivyoanza rasmi. Aliitwa kwenye uzinduzi wa vyoo, kwenye uzinduzi wa funguo za vyoo, na kwenye maadhimisho ya vyoo kutimiza mwaka bila kufunguliwa. Kila mahali alipewa robo saa. Anapanda jukwaani, anaanza itifaki kama sheria inavyotaka, anawatambua waheshimiwa kwa pumzi moja, na anapofika kwa Naibu Katibu Msaidizi wa Mikeka ya Taifa, robo saa imekwisha. Akitamka tu "itifaki imekamilika", fundi mitambo anazima, watu wanapiga makofi, Siwatu anashuka. Wimbo unabaki kifuani.

Miaka ikapita hivyo. Akawa maarufu nchi nzima kwa nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia.

Basi siku moja, kwa hasira tu, akaamua kuichana itifaki yenyewe. Alinijia uani nikiwa nafua, akaniambia, "Mjomba, nifundishe vyeo vyote, vikubwa kwa vidogo." Nilifurahi sana. Vijana wa siku hizi hawaulizi vyeo. Nikamfundisha hadi sabuni ikanikaukia mikononi. Kesho yake, kwenye sherehe ya kumkaribisha mgeni ambaye hakuja, alipanda jukwaani akagonga kipaza sauti kwa kidole, dum, dum, taka, dum, kisha akaanza:

*Namtambua Waziri wa Maji na Mabomba,*
*ndoo ziko kichwani, bado tunamwomba;*
*namtambua wa Barabara, ahadi zake tamu,*
*shimo letu la njiani limempa salamu.*

Uwanja ulilipuka! Vijana walirusha kofia, wazee walirusha za vijana. Mimi nikajua leo ameponzeka. Kumbe wapi! Waziri wa Barabara alisimama akapunga mkono huku machozi yanamlengalenga. "Mpaka mashimo yananijua!" akamwambia mkewe. Tangu siku hiyo kila mheshimiwa akawa anataka atambuliwe na Siwatu. Waziri ambaye jina lake halikuchanwa alijiona kama amefiwa. Vijana mitaani wakawa wanawajua kwa majina hata manaibu wa manaibu, na Wizara ya Elimu ikajisifu kwamba somo la uraia limepanda.

Nikadhani sasa mtoto ana raha. Jioni moja nikamkuta amekaa kibarazani anatafuna kipande cha chapati bila hamu.

"Mjomba, watu wanalijua jina langu kila kona," akaniambia, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia wimbo wangu. Hata mmoja tu! Nimechoka kuwa utangulizi."

"Lakini utangulizi wako ni mzuri, mwanangu," nikamfariji. Sijui kwa nini alizidi kulia.

Halafu likaja lile jambo la maegesho. Msafara wa Mtukufu ulikuwa umekua, kama ilivyo kawaida ya misafara yenye afya. Ulifika mahali gari la kwanza linafika linakokwenda wakati gari la mwisho bado halijatoka nyumbani, na mara mbili msafara uligongana na mkia wake wenyewe kwenye mzunguko. Wataalamu wakashauri lijengwe eneo la kuuegesha. Wakatazama ramani, wakaona Mtaa wa Machicha, wakaona pana nyumba tu.

Tangazo lilisomwa mtaani kwa itifaki kamili, na mimi ndiye niliyelisoma. Nililisoma vizuri mno, hadi nilipomaliza nikajipigia makofi, na ndipo nilipokumbuka kwamba chumba changu kimo. Bi Kidawa alikuwa na mwiko mkononi, chapati inaungua, hata haigeuzi.

"Salimini," akaniambia, "hii nyumba nimeijenga kwa chapati. Unalijua hilo?"

Nilimwambia nalijua, na kwamba Serikali pia inalijua na inamshukuru. Kwa siku kadhaa chai yangu ilikuja bila sukari.

Siwatu akajifungia chumbani na godoro lake dirishani. Alipotoka alikuwa na wimbo. Aliniimbia mimi na bibi yake tu, pale jikoni, bila kipaza sauti. Ulikuwa unahusu Machicha: moshi wa asubuhi, kuta zilizopakwa chokaa ya sikukuu, vilema na vichekesho vyetu, jinsi mtu akiumwa usiku anavyogonga ukuta na ukuta wa pili ukaitika. Sitauandika hapa kwa sababu mtakazoziona mbele. Nitasema tu kwamba mimi, mtumishi wa umma, nililia mpaka nikaomba udhuru.

"Mtukufu anakuja mwenyewe kuzindua ubomoaji," akasema Siwatu. "Nimepangwa kutumbuiza. Akiusikia huu hatabomoa. Shida ni ile robo saa. Hivi, mjomba, hakuna kipengele chochote kwenye Sheria ya Itifaki cha kumfaa mtu kama mimi?"

Nikamwambia hakuna, sheria ile imetungwa kuwafaa waheshimiwa peke yao. Na ili aridhike, nikamsimulia kipengele cha Kiti.

Ilikuwa hivi. Kwenye hafla moja, Waziri wa Mifugo alitambuliwa, akasimama kupunga mkono. Alipokaa, kiti kilikuwa kimeshachukuliwa na Waziri wa Uvuvi. Alikaa chini kwa kishindo, nchi ikaomboleza nyonga yake kwa wiki nzima, na Bunge likatunga sheria: aliyetambuliwa, yeye na mahali alipo, asiondolewe na mtu yeyote kwa nguvu yoyote mpaka itifaki ikamilike.

"Yeye na mahali alipo," akarudia Siwatu polepole.

"Ndiyo. Maana kuna waheshimiwa wanatambuliwa wakiwa majumbani mwao, nao wakataka kulindwa hukohuko."

"Na lazima awe mheshimiwa?"

"Sheria inasema 'aliyetambuliwa'. Nani mwingine atambuliwe?" nikacheka. Yeye hakucheka. Alinibusu kichwani, na usiku ule sukari ikarudi kwenye chai. Nikadhani ni kwa sababu ya msaada wangu wa kisheria, ambao sikuuona kuwa ni msaada.

Siku ya uzinduzi Machicha ilipendeza kuliko miaka yote. Ukuta uliokuwa unakwenda kubomolewa ulipakwa rangi kwanza, ili usimwaibishe Mtukufu wakati wa kuanguka. Wakazi waliamriwa wasimame kila mmoja mlangoni kwake na kupiga makofi. Matingatinga yalifungwa riboni za hariri, yamejipanga mwanzo wa mtaa na injini zinanguruma. Chini ya hema walikaa waheshimiwa wote, na katikati yao Mtukufu Mwenyekiti wa Viti Vyote, kwenye kiti kilichowekwa juu ya kiti.

Bwana Fungameza alimnong'oneza Siwatu, "Robo saa. Sisitiza maegesho." Siwatu akapanda.

Alianza na Mtukufu, akampa vyeo vyake vyote bila kuruka hata kile cha Mlezi wa Upepo. Mtukufu akatabasamu. Akawachana mawaziri mmoja mmoja, kila mmoja akainuka, akapunga, akakaa. Akafika kwa Naibu Katibu Msaidizi wa Mikeka ya Taifa, na fundi mitambo akasogeza kidole kwenye swichi akisubiri yale maneno mawili.

Hayakuja. Siwatu alivuta pumzi, akageuka, akautazama mtaa.

*Namtambua Bi Kidawa, mlangoni mwake hapo,*
*chapati zake nne, na moshi wake upo;*
*namtambua Bwana Sefu, fundi redio mbovu,*
*kibanda chake cha bati, na kikohozi, na ndevu.*

Bi Kidawa alishtuka. Halafu, taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mgongo, akapunga mkono kama wanavyopunga mawaziri. Sijawahi kumwona mheshimiwa akipunga vizuri vile. Nikakohoa kwa faida ya watu.

Siwatu akaenda mlango kwa mlango. Akamtambua mshona viatu hapo alipo, mkunga hapo alipo, watoto wa madrasa hapo walipo, mlevi wetu Bwana Chuma hapo alipolala. Baada ya wakazi kadhaa anachomeka tena waziri mmoja, halafu anarudi mtaani. Fundi mitambo jasho likamtoka: kukatisha jina la mheshimiwa katikati ya itifaki ni uhaini, na hakujua linalofuata ni la nani.

"Anafanya nini huyu?" akauliza Mtukufu.

Mwanasheria Mkuu, aliyekuwa ameitunga sheria ile kwa mkono wake, akainama sikioni pa Mtukufu. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Anatambua, Mtukufu. Na anaowatambua hawaondoki, wao na mahali walipo, mpaka amalize."

"Basi amalize!"

"Hilo liko juu yake, Mtukufu. Tuliliweka hivyo ili pasitokee mtu wa kuthubutu kukuharakisha wewe."

Bwana Fungameza, akiwa ameloa mpaka soksi, akawapungia wenye matingatinga waanze tu. Ndipo Siwatu akawageukia: *Namtambua Mashauri, dereva wa tingatinga, hapo ulipo kaka, na usukani na kiti.* Mstari huo haukuwa na vina, lakini ulifanya kazi. Bwana Mashauri, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutambuliwa na mtu, alizima injini, akavua kofia, akapanda juu ya tingatinga lake na kupunga mikono yote miwili. Mtaa mzima ukampigia vigelegele. Tingatinga lile bado lipo palepale, limeyazibia njia mengine, kuku wametaga ndani yake.

Mtukufu alivumilia mpaka jua la alasiri, kisha akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, jambo linaloruhusiwa. Siwatu sauti ilipoanza kukwaruza, bibi yake akapanda jukwaani na kikombe cha maji, akachukua kipaza sauti, akaendelea na majirani wa upande wa kisimani. Kupokezana pia kunaruhusiwa. Waziri wa Utamaduni alishawahi kupoteza sauti na msaidizi wake akamalizia. Mwanasheria Mkuu alipoulizwa, alijibu kwa kichwa tu.

Wiki zikapita, itifaki inaendelea kwa zamu za majirani. Serikali ilitaka kuibadilisha sheria, lakini Bunge haliwezi kufunguliwa bila itifaki, na itifaki haifunguliwi wakati nyingine haijafungwa. Nchi nzima hafla zikasimama. Hakuna uzinduzi, hakuna hotuba. Mawaziri, kwa kukosa pa kuhutubia, wakaanza kwenda ofisini. Wengine walipotea njiani wakaelekezwa na walinzi. Waziri wa Maji aligundua kwamba wizara yake ina mabomba, na kwa kukosa la kufanya akayaunganisha. Hali ikawa mbaya hivyo.

Mwishowe Bwana Fungameza akaja Machicha peke yake, bila dereva. Alimkuta Siwatu amekaa kibarazani, zamu yake bado. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni kwa niaba ya serikali.

"Binti yangu," akasema kwa sauti ya upole nisiyoijua, "nimetumwa na Mtukufu mwenyewe. Anataka kuusikia wimbo wako, ule wa Machicha. Uimbe wote, mwanzo mpaka mwisho, bila robo saa, redio ya taifa ikirusha moja kwa moja. Nchi nzima itazima majiko isikilize. Si ndicho ulichokuwa unakitaka maisha yako yote?"

Niliyaona macho ya Siwatu, na nitasema ukweli: aliutaka. Aliutaka kama mtu wa swaumu anavyoitaka adhana. Midomo yake ilikuwa inatembea na mstari wa kwanza wa wimbo ule, bila sauti.

Bi Kidawa akatoka jikoni. "Imba, mama," akamwambia. "Mimi nimeshaishi humu vya kutosha. Nyumba ni udongo. Wewe una kitu chako, kaimbe usikike."

"Bibi, nikianza tu wimbo, itifaki imekwisha."

"Najua. Mimi si mjinga."

Bwana Fungameza alitabasamu akamsogezea mkono. Siwatu akasimama, akampita, akapanda jukwaani ambako Bwana Sefu fundi redio alikuwa anawatambua wapangaji wapya. Akachukua kipaza sauti. Alifumba macho, na kwa muda nikadhani anaanza.

"Namtambua," akasema, na sauti ikamkatika, akaianza upya, "namtambua mtoto wa mkunga, aliyezaliwa alfajiri ya leo, hajapewa jina. Hapo ulipo, mdogo wangu. Karibu Machicha."

Bwana Fungameza alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Baadaye Bi Kidawa akampa chapati, maana mtu ni mtu.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Siwatu ndiye msanii anayesikika kuliko wote nchini, na wimbo wake mkubwa haujulikani nje ya jiko letu. Jioni, watu wakishakula, humwona amekaa peke yake akiuchana kwa midomo mitupu, mkono wake ukigonga goti, dum, dum, taka, dum. Hatujui kama atauimba siku moja. Tunamwombea asiuimbe, na roho zinatuuma kumwombea hivyo.

Mimi bado ni mtumishi mwaminifu wa serikali, na msimamo wangu haujabadilika: naiheshimu itifaki, basi. Kwa hiyo naomba nikomee hapa. Bi Kidawa ananiita, zamu yangu imefika, na kwetu kuna watu wengi ambao bado hawajatambuliwa.